Tears of the Kingdom baada ya Breath of the Wild: kuna jipya la kutosha?

#1 Mshale_Tatu

Salamu wakuu. Breath of the Wild, ile gemu ya Zelda ya Nintendo Switch, nimeimaliza yote: vihekalu 120 (vile vyumba vidogo vya mafumbo), Divine Beasts nne (zile mashine kubwa za umbo la wanyama), na ile pakiti ya nyongeza. Sasa niko njia panda kuhusu mwendelezo wake, Tears of the Kingdom. Kila video ninayotazama naona nchi ya Hyrule ile ile, shujaa Link yule yule, hata mlio wa kuokota uyoga haujabadilika. Ya kwanza ilitoka Machi 2017 kwa dola 59.99, hii ikatoka Mei 2023 kwa dola 69.99. Miaka sita ya kusubiri na dola kumi juu yake, kwa nchi ambayo mtu anaijua hadi vichochoro.

Wenye kuijua naomba mnisaidie. Ardhi imebadilika kiasi cha kufaa kuzungukwa upya? Silaha bado zinavunjika? Maana kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kero namba moja. Huu ujenzi wa magari na ndege ni lazima, au mtu anaweza kwenda kwa upanga na miguu yake? Mahekalu je, ni mahekalu kweli au ni zile Beasts zimevalishwa nguo mpya? Na Switch ya kwanza inaimudu?

Tafadhali sana, hadithi msinimwagie.

---

#2 Fundi_wa_Gundi

Karibu mkuu. Nianze na ardhi, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa kabla ya kununua.

Mifupa ni ile ile, hilo hakuna wa kukuficha. Milima, mito na miji iko pale pale ulipoiacha. Minara ni 15 kama zamani, ila haipandwi tena kwa mikono. Unafika mlangoni, mara nyingi unakuta kuna tatizo dogo la kutatua (mlango umekwama, fundi yuko shimoni, paa linavuja), kisha mnara unakurusha angani na ramani unaichora ukiwa huko juu. Ukishuka kwa mwavuli wako kutoka pale unafika mbali kuliko ulivyowahi kufika kwa farasi asubuhi nzima.

Vihekalu ni 152 na vyote ni vipya: 120 ardhini, 32 angani. Hesabu ya malipo haijabadilika, vinne vinakupa moyo mmoja au sehemu ya gurudumu la pumzi. Mbegu za Korok, zile za vijitu vya msituni waliojificha, zilikuwa 900, sasa ni 1,000. Hizo ni namba tu. Kilichobadilisha ardhi kweli ni mapango, kitu ambacho gemu ya kwanza karibu haikuwa nacho. Kuna vyura 147 wanaong'aa waliojificha mapangoni, na visima 58 vya kuingia ndani. Mlima uliokuwa unaupanda kwa nje sasa una tumbo, na ukiwa tumboni huhitaji kurudi ulikoingilia: ukiwa na Ascend unasimama chini ya dari, unapenya kwenye mwamba, unatokea kileleni. Uwezo huo mmoja unakufanya uutazame kila mlima upya. Zamani ulikuwa unauliza "pumzi itatosha?" Sasa unauliza "mlango wa pango uko upande gani?"

Halafu kuna Depths, nchi ya chini, na ukubwa wake unalingana na Hyrule yote ya juu. Ni giza totoro. Unaimulika kwa mbegu za Brightbloom, ambazo unazichuma mapangoni, na kwa kuwasha mizizi ya mwanga iitwayo Lightroot, iko 120. Sasa shika hili, litakuokolea masaa mengi: kila Lightroot iko chini kabisa ya kihekalu cha ardhini. Ukijua vihekalu unajua mizizi, na kinyume chake. Hata majina ni yale yale yakisomwa kutoka nyuma kwenda mbele. Na umbo la nchi limepinduliwa: palipo na mlima juu, chini ni bonde, palipo na maji juu, chini ni ukuta usiopitika. Ukigonga ukuta gizani, badilisha ramani utazame juu yako kuna ziwa gani, utajua pa kuzungukia.

Kwa upande wangu hiyo si ramani iliyorudiwa. Ni ramani moja inayosomwa mara tatu, na kila tabaka linakueleza tabaka jingine.

---

#3 Bi_Taa

Fundi, kuhusu mapango nipo nawe asilimia mia. Kuhusu Depths na anga naomba tumwambie mwenzetu ukweli wote, kwa sababu ni dola 70 zake.

Depths ni pana lakini si nene. Saa tatu za kwanza ni za ajabu, pengine ndizo bora katika gemu nzima. Baada ya hapo utaanza kuona mpangilio: Lightroot, kambi ya maadui wanaochimba Zonaite (madini ya kule chini), uwanja wa mapigano na sanduku la nguo, kisha giza, kisha Lightroot nyingine. Rangi ni moja, mimea ni ile ile kutoka kusini hadi kaskazini. Ardhini ukitoka jangwa la Gerudo kwenda theluji ya Hebra unabadilisha nguo na chakula. Kule chini hubadilishi karibu chochote. Mtu aliyependa Breath of the Wild kwa sababu kila kilima kilikuwa na sura yake, huko chini atachoka mapema.

Visiwa vya angani navyo, kile cha kwanza, Great Sky Island, ni kikubwa na kimetengenezwa kwa mapenzi makubwa. Vingi vinavyofuata ni vidogo, na miundo yake inajirudia: duara la kuzungusha, tufe kubwa lenye jukwaa ndani, kihekalu kinachotaka uletewe fuwele ya kijani. Picha za matangazo zilionyesha anga sana, lakini muda wako mwingi utaupitisha ardhini na mapangoni. Nenda ukilijua hilo na hutaumia.

Mahekalu. Umeuliza kama ni Beasts zilizovalishwa nguo mpya, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Zamani ilikuwa vituo vitano vya kuwasha kisha bosi. Sasa Wind Temple ina kufuli tano, Fire Temple ina tano, Water Temple nne, Lightning Temple nne, kisha bosi. Mifupa ileile. Tofauti iko katika njia ya kufikia na katika sura: kila hekalu lina mandhari yake, muziki wake, na mabosi wake hawafanani hata kidogo, wakati zamani wote wanne walikuwa ndugu wa baba mmoja. Ule upandaji wa kuelekea Wind Temple, kutoka meli moja inayoelea hadi nyingine huku baridi inakutafuna, ni kitu ambacho gemu ya kwanza haina cha kulinganisha. Lightning Temple ndiyo iliyo karibu zaidi na mahekalu ya zamani ya Zelda: vyumba, mitego, vioo vya kuelekeza mwanga. Mafumbo ya Fire Temple yanakwepeka kirahisi mno, maana mtu mwenye Ascend na mabawa mawili ya kurukia anaruka nusu ya reli zilizotengenezwa kwa kazi.

Na hadithi, bila kumwaga chochote: kila ukimaliza moja ya mahekalu hayo manne utaoneshwa kisa cha kale. Mara nne. Kisa ni kile kile kwa maneno karibu yale yale, kwa kuwa hawakujua utaanzia wapi. Hilo ni kosa la uandishi na sioni sababu ya kulitetea.

---

#4 Mshale_Tatu

Asanteni, hapa ndipo nilipotaka. Bi_Taa hiyo ya mahekalu umenipa picha kamili. Bado silaha na ujenzi. Na je, wale Guardians, mashine za kutupa mionzi, bado wapo? Maana bila wao Hyrule siioni.

---

#5 Kombeo

Guardians hawapo kabisa. Badala yao kuna Gleeok, joka la vichwa vitatu linalokaa hata darajani. Frox, chura mkubwa, huko chini. Like Like mapangoni, hiyo inameza ngao. Bokoblin mkubwa anayetembea na kikosi chake. Horriblin wanaoning'inia darini. Miti inayokuvamia ukiipita. Na mikono ile myekundu ambayo sitakueleza, utaijua siku utakapoiona. Kwa idadi ya maadui, hii imeiacha ya kwanza mbali.

Silaha zinavunjika, ndiyo. Lakini hesabu yake imegeuzwa, na hili linahitaji kuelezwa polepole kwa sababu wengi wanalielewa vibaya saa kumi za kwanza kisha wanalalamika.

Mwanzoni mwa gemu silaha za Hyrule zote zinaoza. Upanga wa kawaida una nguvu ndogo sana. Nguvu haiko tena kwenye upanga, iko kwenye kitu unachoubandika kwa Fuse: pembe za maadui hasa. Pembe ya Bokoblin wa bluu inazidi ya mwekundu, ya mweusi inazidi ya bluu, ya fedha inazidi zote. Pembe ya aina ya saber ya Lynel (yule adui nusu simba nusu farasi) wa fedha inaongeza 55 peke yake. Kwa hiyo zamani ukimpiga Lynel ulikuwa unapata silaha moja ukaiweka kabatini kwa kuiogopea. Sasa unapata pembe, unaitunza mkobani ambako haiozi wala haijazi nafasi ya silaha, na unaibandika juu ya kipande chochote cha chuma utakachokiokota. Upanga ukivunjika umepoteza pembe moja, si hazina. Kubandika pia kunaongeza uhai wa silaha, kwa hiyo usipigane na upanga mtupu hata mara moja, hata kama cha kubandika ni jiwe.

Chuma cha chini nacho kina tabia yake, na hapo ndipo ubora wa Fuse unapoonekana:

Silaha za Gerudo, watu wa jangwani, zinaongeza mara mbili nguvu ya kile ulichobandika. Pembe ya 55 juu ya panga la Gerudo inahesabiwa 110. Zinavunjika haraka, lakini kwa bosi ni moto.

Silaha za Zora, watu wa majini, zinapiga mara mbili ukiwa umelowa. Mvua, mto, au tunda la maji ulilojipasulia miguuni, vyote vinafaa.

Silaha za Royal Guard's zinapiga mara mbili zikiwa karibu kuvunjika. Hizi tumia kwa hesabu.

Na usisahau Depths: kule chini kuna vivuli vya askari wamesimama wameshika silaha ambazo hazijaoza. Hizo ndizo za kubandikia pembe zako nzuri.

Ukibandika ukajuta, nenda Tarrey Town, kuna duka la kubandua, rupia 20 na unarudishiwa vyote viwili. Ukibandua mwenyewe kwenye menyu, kile ulichobandika kinapotea. Watu wamepoteza pembe za thamani hivyo.

Mishale ndiyo sehemu ninayoiona imepiga hatua kubwa zaidi. Zamani kulikuwa na mishale ya moto, ya barafu, ya umeme, ya bomu, kila mmoja na bei yake dukani. Sasa mshale ni mmoja, na unaubandika chochote ulichonacho wakati wa kuvuta upinde. Jicho la Keese (popo) linaufanya mshale umfuate adui wenyewe, na kwa macho ya Gleeok hakuna kinachoshinda hilo. Uyoga wa Puffshroom unatoa moshi, unawachoma visu migongoni mmoja mmoja. Ua la Muddle Bud linawafanya wapigane wenyewe kwa wenyewe.

Kasoro yake ni menyu. Orodha ya vitu inakuwa ndefu kama treni, na unaivuta katikati ya vita. Bonyeza Y ukiwa ndani ya orodha hiyo upange kwa vinavyotumika zaidi. Macho ya Keese na maua ya bomu yatakaa mbele na shida imepungua nusu.

---

#6 Fundi_wa_Gundi

Kombeo amemaliza kwa silaha. Nijibu la ujenzi.

Si lazima, lakini ukikataa kujenga umenunua nusu ya gemu. Zamani ulikuwa na Magnesis kwa chuma, Stasis ya kusimamisha vitu, Cryonis ya barafu, na mabomu yasiyoisha. Vyote vimeondolewa. Mahali pa Magnesis kuna Ultrahand, ambayo haishiki chuma tu bali karibu kila kitu kisichofungwa ardhini: gogo, mlango, gurudumu, jiwe. Kisha inakigandisha kwenye kingine kwa gundi ya kijani, hadi vipande 20 hivi kwa mkupuo. Mabomu sasa ni maua unayoyachuma, yakiisha yameisha.

Kwa nini hili ni jipya kweli na si pambo? Kwa sababu vitu vyote vina uzito na msuguano wake. Kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji wa gemu, wa 2024 huko San Francisco, Takuhiro Dohta na wenzake wa Nintendo walieleza kwamba mwanzoni vitu vingine viliendeshwa kwa mwendo uliopangwa, visivyofuata sheria za fizikia, na Ultrahand ilipovigusa kila kitu kiliharibika. Wakaamua kila kitu ulimwenguni humo kifuate fizikia, bila kuacha hata kimoja. Kazi hiyo haionekani kwenye video unazotazama. Unaiona siku lango limekataa kufunguka, ukaliinua kwa kulikwezea ubao chini yake, na likabaki wazi kwa sababu ubao umelibeba.

Nakupa mfano wa karibu. Kuna mto na daraja limevunjika. Katika Breath of the Wild majibu yalikuwa mawili au matatu: ruka kwa mwavuli, ganda la barafu kwa Cryonis, au panda upande wa pili. Katika hii unaweza kuunganisha magogo matatu ukayalaza juu ya maji. Au ukatengeneza chelezo lenye feni. Au ukasubiri jiwe lianguke kutoka angani, ukasimama juu yake, ukawasha Recall, nalo likapanda lilikotoka na wewe juu yake, kisha ukashuka kwa mwavuli ng'ambo. Hakuna jibu lililo "sahihi". Vihekalu vingi vimetengenezwa kwa roho hiyo, na ndiyo maana havijirudii ingawa vimefika 152.

Vifaa vya Zonai, yaani feni, magurudumu, roketi, vinakula betri. Zonaite unaibadilisha kwa chaji zilizogandishwa, na kila chaji 100 unanunulia sehemu moja ya betri. Mwanzoni betri yako ni fupi sana na kila chombo kitakufia njiani, kwa hiyo Zonaite ya kwanza kuichimba yote iende huko kabla ya kufikiria jambo jingine.

Mawili ya kukwepa. Bawa la kurukia linazima: baada ya muda linaanza kumetameta kisha linayeyuka chini ya miguu yako, hata betri ikiwa imejaa. Puto nalo vivyo hivyo. Usivuke bonde refu kwa bawa. Feni na usukani haviyeyuki, na ndiyo sababu karibu kila mtu anaishia kwenye pikipiki ya angani ya feni mbili na usukani mmoja.

La pili ni Autobuild, uwezo wa kujenga tena kwa kubonyeza kitufe chombo ulichokwisha kukijenga. Gemu haikupi moja kwa moja. Lazima umfuate mtafiti Josha pale Lookout Landing, ile kambi kuu ya ardhini, umalize kazi yake ya kamera huko Depths, kisha ya pili inayoitwa A Mystery in the Depths. Wapo watu wameshamaliza mahekalu mawili bila kuwa nayo. Ichukue mapema. Kipande ambacho huna karibu yako kinakugharimu Zonaite 3, kwa hiyo pikipiki ya vipande vitatu ni Zonaite 9 tu, popote ulipo.

Na ukishuka kutoka Great Sky Island nenda moja kwa moja Lookout Landing, umsikilize Purah mpaka akupe mwavuli wa kupaa. Usiingize uchu wa kuzunguka kwanza. Bila mwavuli nusu ya ulimwengu imefungwa, na gemu haitakulazimisha kwenda kuuchukua.

---

#7 Pedi_Mkononi

Niongezee upande wa mashine, maana hilo halijajibiwa.

Switch ya kwanza inaimudu. Lengo ni fremu 30 kwa sekunde, na muda mwingi inashika. Inashuka hadi kama 20 ukiwa umewasha Ultrahand mahali penye vitu vingi, pia kwenye mvua kijijini na vita vikubwa. Inaonekana, lakini haiharibu mchezo, kwa sababu Ultrahand haihitaji haraka ya vidole. Nafasi iandalie gigabaiti 16 hivi kama unapakua. Kadi haina kizuizi cha nchi, kwa hiyo iliyonunuliwa Dubai, London au Johannesburg inasoma sawasawa kwenye mashine yoyote.

Kama unafikiria Switch 2, kadi hiyo hiyo inaingia. Toleo la Switch 2 la gemu zote mbili lilitoka pamoja na mashine, Juni 5, 2025. Nyongeza ni dola 9.99 kwa kila gemu, na wenye usajili wa Nintendo Switch Online pamoja na Expansion Pack hawalipi. Unapata fremu 60 na nafasi ya pili ya kuhifadhi mchezo. Hiyo ya pili wengi hawaitaji lakini ni kubwa: kwenye toleo la kwanza, ukitaka kuanza upya bila kufuta ulikofika, ilibidi ufungue akaunti nyingine.

Usiifute sevu yako ya Breath of the Wild kabla ya kuanza hii. Ikiwa iko kwenye akaunti ile ile ya mashine, ukifika zizi la kwanza na kumsajili farasi utawakuta farasi wako wa zamani wakiwa na majina yao na nguvu zao. Ndiyo kitu pekee kinachovuka, lakini kwa aliyekwisha kumfuga farasi mzuri ni masaa yaliyookolewa.

Nimkumbushe pia Bi_Taa jambo moja. Kurudia ardhi si dhambi mpya kwa Zelda. Ocarina of Time ilitoka 1998, na Majora's Mask ikatoka 2000 kwa kutumia sura zile zile za watu. Eiji Aonuma alikuwa katika uongozi wa Majora's Mask na ndiye mzalishaji wa hizi mbili. Tears of the Kingdom yenyewe ilianza kama mawazo ya nyongeza ya Breath of the Wild yaliyozidi kipimo.

---

#8 Bi_Taa

Pedi, sijaiita dhambi. Tofauti ni kwamba Majora's Mask ilichukua sura zile zile ikaziweka katika nchi nyingine na kanuni nyingine ya muda, siku tatu zinazojirudia. Hii imechukua nchi ile ile ikabadilisha mikono ya mchezaji. Zote mbili ni njia halali, ila hazimfai mtu yuleyule. Aliyeipenda Breath of the Wild kwa kutojua nini kipo nyuma ya mlima, hawezi kurudishiwa kutojua huko, labda mapangoni. Aliyeipenda kwa kuchezea kanuni zake, kuwasha nyasi ili upepo umpandishe, kuangusha mti uwe daraja, huyo hii ni yake na hatatamani kurudi nyuma. Mshale_Tatu ajiulize yeye ni yupi, atapata jibu kabla hajafungua pochi.

Yako mambo mawili madogo ambayo yamekuwa magumu zaidi kuliko zamani, afadhali ayajue. Great Fairies, wale wanaokuongezea nguvu ya nguo, hawafunguliwi tena kwa kulipa rupia. Unatakiwa kuwakusanya wanamuziki wa kikundi cha Stable Trotters, mmoja mmoja, kila mmoja na shida yake. Kisha kila kuongeza nguvu ya nguo kunadai rupia juu ya vifaa, kuanzia 10 kwa nyota ya kwanza, 50 ya pili, 200 ya tatu, hadi 500 ya nne, kwa kila kipande. Vaa seti tatu utaelewa kwa nini watu wanachimba almasi.

La pili ni wale wenzako wa safari. Uwezo wa mabingwa wa zamani ulikuwa kwenye kitufe. Sasa mwenzako anatembea kando yako kama kivuli, na lazima umsogelee ubonyeze A. A hiyo hiyo ndiyo ya kuokotea. Unainama kuokota vito, Tulin anapuliza upepo, vito vinakwenda mtoni. Dawa: fungua mkoba, sehemu ya vitu maalumu, mzime yeyote usiyemhitaji kwa wakati huo. Mwashe Tulin ukiwa hewani tu.

---

#9 Mshale_Tatu

Mimi ni yule wa kuwasha nyasi, Bi_Taa. Basi naichukua, ya kadi. La mwisho kabla sijafunga: hekalu lipi nianzie, na yale machozi ya joka yanayoonyesha kisa cha zamani yana mpangilio? Nimesikia ukikosea unajiharibia hadithi mwenyewe.

---

#10 Bi_Taa

Anza na kijiji cha Rito (watu ndege), kwenye Wind Temple. Upepo wa Tulin ukiwa hewani utakusaidia kila mahali baadaye, na baridi ya Hebra itakufundisha kupika mapema. Uende na pilipili za kutosha, tano kwenye sufuria moja.

Machozi ni kweli. Karibu yote unaweza kuyachukua kwa mpangilio wowote, na yale ya mwishoni mwa kisa ukiyaona mapema yamekumaliza. Mfuate kwanza Impa karibu na New Serenne Stable, atakupeleka kwenye la kwanza. Kisha nenda Forgotten Temple, bonde la kaskazini-magharibi. Ndani kuna ramani ya michoro yote mikubwa ya ardhini yenye machozi hayo, na michoro ya ukutani imepangwa kwa mfuatano wa kisa. Ipige picha, uifuate hivyo hivyo.

---

#11 Kombeo

Na upanga wa Master Sword safari hii hautaki mioyo 13. Unataka magurudumu mawili kamili ya pumzi. Kwa hiyo baraka zako za mwanzo za vihekalu ziende kwenye pumzi, mioyo baadaye.

---

#12 Ngazi_Saba

Samahani kuingilia, niko nayo tayari. Hiyo pikipiki ya feni mbili, yangu inapanda wima kama lifti haiendi mbele, na nikiisukuma inapinda kushoto. Kosa liko wapi?

---

#13 Fundi_wa_Gundi

Makosa mawili tofauti. Inapanda wima kwa sababu feni zako zimelala bapa kabisa, zote zinasukuma chini tu. Ya mbele iinamishe nyuzi 45 hivi kuelekea usukani, na ya nyuma ifanane nayo, ndipo sehemu ya msukumo iende nyuma na chombo kisonge mbele. Inapinda kushoto kwa sababu feni moja haiko kwenye mstari wa katikati ya usukani, hata kwa upana wa kidole.

Usijenge juu ya nyasi za mteremko. Tafuta sakafu bapa, usukani uusimamishe, ganda feni ya kwanza, kisha zunguka uitazame kwa ubavu kabla ya kuganda ya pili. Ukikosea usivunje yote: shika feni iliyopinda na utikise kijiti cha kulia haraka, itabanduka peke yake na usukani na feni nzuri vitabaki vimeungana. Ikikaa sawa, ifungue kwenye Autobuild uiweke katika vipendwa, maana historia inajifuta kadiri unavyojenga vingine.